Watu Saba wa Kalamu Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Mama Mchungaji ametugawia akina mama wa kanisa daftari moja moja na kutupa kazi: kuanzia leo mpaka mvua zikatike, kila siku tuandike neema moja. Siku ya mwisho tutakaa pamoja tusomeane. Wenzangu walinung'unika kwamba tangu waache shule hawajashika kalamu. Mimi nilicheka moyoni. Kalamu ndiyo jembe langu, mwaka wa kumi na tisa huu.

Neema ya leo: tone la kwanza limenikuta nimeshaanua nguo zote.

Jumanne, 4 Machi

Neema: Kitinda amepita jioni na mkate wa moto. Kitinda ni mdogo wangu wa mwisho. Mama alipofariki alikuwa na miaka tisa, tukamlea mimi na marehemu mume wangu, hata majirani wengine hudhani ni mwanangu wa kumzaa. Sasa ana thelathini na mbili, ni fundi wa majokofu, na mwezi wa sita anaoa. Mchumba wake ni muuguzi wa wodi ya watoto, hapo hapo hospitalini ninapofanya kazi.

"Dada, tarehe kumi na sita namleta chai," amesema. "Usije ukampa kwenye kikombe cha bati kama unavyonipa mimi."

"Vipo vikombe sita vya maua ya bluu," nikamjibu. "Vimebaki vizima kwa sababu hujavigusa."

Alhamisi, 6 Machi

Niandike kidogo kuhusu kazi yangu, ili nikiwasomea wenzangu waelewe. Mgonjwa akishatibiwa, faili lake huja chumba chetu. Nalisoma, natafuta ugonjwa wake kwenye kitabu kinene, naandika namba yake juu ya jalada. Malaria ina namba yake, mkono uliovunjika una namba yake. Wakubwa wanazihesabu wajue dawa gani ipelekwe wapi. Anayeumwa kwa sababu ya virusi vya UKIMWI ni B20. Aliye navyo ila haumwi ni Z21. Aliyekaribiana navyo tu, akapewa dawa za kinga, ni Z20.6. Watu watatu, njia tatu. Kwenye semina tulikaririshwa kama watoto: anza nyuma ya faili, kwenye majibu ya maabara, maana dawa si ugonjwa. Karatasi ya dawa ni ya waridi, nayo hubanwa mbele kabisa, kwa hiyo ndiyo linayoiangukia jicho kwanza.

Mkuu wetu ni mzee mwembamba tunayemwita Mzee Penseli, kwa kuwa penseli haimtoki sikioni hata akienda msalani. Kila robo mwaka anachomoa mafaili mia moja na kuyakagua. Hajawahi kunikuta na kosa. Hiyo ndiyo neema ya leo, na Mungu anisamehe kama nimejisifu.

Jumanne, 11 Machi

Sijui nianzie wapi.

Robo inaisha na rundo la mezani lilikuwa limenifika kifuani. Kwa wiki mbili sasa nina njia yangu ya mkato, naiandika hapa kwa sababu daftari ni langu: natazama karatasi ya waridi tu. Nikiona dawa yoyote ya kufubaza virusi, naandika B20 na kusonga mbele. Wa kinga ni wachache, nilijiambia, kama wapo.

Saa nne asubuhi nikavuta faili la kijani, maana yake ni la mfanyakazi wa hapa hapa. Karatasi ya waridi. Dawa tatu. Nikaandika B20. Ndipo macho yakapanda kwenye jina.

Ni yeye. Mchumba wa Kitinda.

Nililifunga kama mtu anayefunika sufuria inayofurika. Nikaliweka kwenye yaliyokwisha, nikarundika mengine juu yake. Jirani yangu wa meza, anayependa utani, akaniuliza, "Mama Namba, umekuta nyoka humo?" Nikasema ni kichwa kinaniuma.

Sikulifungua tena. Sikugeuza hata karatasi moja. Niliona nikigeuza nitakuwa nachungulia siri ya mtu, na nilijiona mwema kwa kutogeuza.

Jumatano, 12 Machi

Mvua kutwa. Neema: hakuna aliyeniuliza kitu.

Ijumaa, 14 Machi

Nimefunga na kuomba. Nimemwombea yeye kidogo, na Kitinda sana. Nimeona tofauti hiyo nikiwa bado nimepiga magoti, na sikuirekebisha.

Jumapili, 16 Machi

Walikuja baada ya ibada. Yeye alibeba machungwa kwenye mfuko na mwavuli mkubwa wa kuazima. "Hodi, wifi," akasema, na kunikumbatia kabla sijajiandaa. Ananiita wifi tangu siku ya kwanza Kitinda alipomleta.

Kitinda alikuwa na raha zake. "Umeona? Umetolewa vikombe vya bluu. Mimi nimekaa nyumba hii miaka kumi na tano nakunywea bati."

"Alikuwa anavunja," nikasema.

"Nilivunja kimoja tu."

"Ndiyo maana vimebaki sita."

"Wifi," binti akasema, "seti gani hiyo ilikuwa na vikombe saba?"

Tulicheka, hata mimi nilicheka. Kisha nikamwona alivyokonda mashavu, na nikajiambia: ndiyo yenyewe hiyo.

Chai ilipofika katikati akauweka mkoba wake magotini, akaushika kwa mikono miwili. "Nina jambo nataka niwaambie wote wawili. Nimelikalia miezi mitatu."

Niliogopa atalisema mbele yangu, nami itabidi nitengeneze uso wa mtu asiyejua kitu. Sina uso huo. Nikainuka. "Mwanangu, hebu tazama wingu lile. Ukichelewa hutapata usafiri. Mambo mazito yana siku yake."

"Dada, hata chai hajamaliza," Kitinda akasema.

"Atamalizia siku nyingine."

Alinitazama mimi, akautazama mkoba. "Sawa, wifi," akasema.

Walipotoka nilikusanya vikombe vitatu. Viwili nikaviosha. Cha kwake nikasimama nacho. Mimi, niliyeziandika namba hizi miaka kumi na tisa, ninayejua kuliko akina mama wote wa kanisani kwamba virusi havikai kwenye kikombe, nilifungua dirisha la jikoni nikakiweka nje, kwenye ukingo, mvua ikinyesha. Sikutaka kukiosha pamoja na vingine wala sikutaka kukitupa.

Leo sina neema ya kuandika.

Jumatatu, 17 Machi

Kitinda amepita kuchukua spana alizoacha. Nikamkalisha.

"Mwezi wa sita ni karibu mno," nikamwambia. "Ahirisheni."

"Kwa nini?"

"Ahirisheni tu. Nakuomba kama mama yako."

"Wewe ukitaka kuniomba kitu huwa unanieleza saa mbili nzima. Leo sentensi moja?"

Akacheka, kisha kicheko kikamwishia mdomoni.

"Umeona kitu huko kazini kwenu?"

Ningeweza kusema hapana. Au ningesema, hayo mwulize mwenyewe. Nikasema, "Mimi nakaa chumba cha mafaili, Kitinda. Usiniulize."

Alichukua spana zake, akasahau kofia yake kitini.

Nimejiambia kwamba sikuutaja ugonjwa, kwa hiyo sikuvunja kiapo cha kazi. Nimejiambia hivyo nikipika, nikifagia na nikisali. Mtu mwenye haki hahitaji kujirudia hivyo.

Alhamisi, 20 Machi

Mvua. Neema: bati halivuji.

Jumapili, 23 Machi

Kitinda hakuja kanisani. Binti naye hakuja. Kikombe dirishani kimejaa maji mpaka yanamwagika pembeni. Sikukigusa.

Ijumaa, 28 Machi

Kitinda amenipigia simu wakati wa chakula cha mchana. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu anayesoma tangazo.

"Nimemwambia siko tayari kuoa. Ameniuliza amenikosea nini. Sikuwa na jibu, Dada, kwa sababu wewe hukunipa."

Niliandika neema hapa chini, kisha nikaikata kwa wino mara tatu ili hata mimi nisiweze kuisoma. Yalikuwa maneno mabaya kuhusu mazishi aliyoepushwa mdogo wangu. Niliyaandika nikidhani ni shukrani.

Jumatatu, 31 Machi

Ripoti ya robo imeondoka. Neema: nilikuwa wa kwanza kumaliza rundo.

Jumanne, 8 Aprili

Naandika haya nikiwa nimekaa jikoni, na sijavua hata viatu.

Mzee Penseli alikuja mezani kwangu na faili la kijani. Akalilaza mbele yangu na kulifungua kutoka nyuma, kama tulivyofundishwa, akawa anageuza karatasi moja moja na kungoja nisome. Ya kwanza, tarehe sita Desemba, siku ya tukio, kipimo: hana virusi. Ya pili, fomu ya ajali kazini: muuguzi amechomwa na sindano kwenye kidole gumba cha kushoto alipokuwa akimwekea mtoto dripu, mtoto akarusha mguu. Ya tatu, dawa za kinga kwa siku ishirini na nane. Ya nne, wiki ya sita: hana. Ya tano, tarehe sita Machi, kipimo cha mwisho: hana. Faili lifungwe.

Mwisho kabisa ikaja ya waridi, ile ya mbele. Na juu ya jalada B20 yangu, nimeiandika vizuri, namba zimesimama wima.

"Mama Namba," akasema taratibu, maana ni mtu wa adabu hata akikasirika, "karatasi hizi zilikuwemo siku ile?"

"Zilikuwemo."

"Ulianzia wapi?"

"Mbele."

Akaitoa penseli sikioni. Miaka kumi na tisa hajawahi kuitoa kwa ajili yangu.

"Faili nitalisahihisha. Ripoti tutaiandikia barua. Nina swali moja tu. Neno hili limetoka nje ya—"

"Hapana," nikasema.

Nilisema haraka kuliko ninavyotaja jina langu. Akanitazama, akalichukua faili, akaondoka. Jirani yangu wa meza alijifanya anatafuta kitu kwenye droo yake, na alikitafuta muda mrefu.

Tangu hapo sikumbuki nilichofanya mezani. Nakumbuka mkoba. Miezi mitatu, alisema, akiushika kwa mikono miwili. Desemba, Januari, Februari, na mwanzoni mwa Machi jibu limetoka. Sasa najua alikuja na nini kwangu siku ile. Mimi nikamwonyesha wingu.

Nimeinuka sasa hivi kufunga dirisha, na kikombe bado kipo pale. Nilidhani nimewahi kuona aibu maishani. Nilikuwa nimeisikia tu kwa wenzangu.

Jumatano, 9 Aprili

Asubuhi sikungoja hata salamu. "Mzee, jana nilikudanganya."

"Najua. Ulijibu sijamaliza kuuliza."

"Nilimdokeza mdogo wangu. Huyu muuguzi ni mchumba wake." Nikajisahihisha. "Alikuwa mchumba wake."

Aliizungusha penseli vidoleni. "Namba ninaweza kuifuta," akasema. "Ulichomwambia mdogo wako sina kifutio chake. Hilo nitaliandikia kwa wakubwa, sina namna, na sijui watakufanyaje. Sasa vuta mafaili yako yote ya robo yenye B20, uyafungue kutoka nyuma. Na huyo muuguzi umwambie mwenyewe kabla ya Ijumaa kwisha. Ukishindwa nitamwambia mimi, kwa barua yenye mhuri, na barua kama hiyo mtu hatakiwi kuipokea akiwa peke yake."

Niliyafungua. Watoto wachanga watatu, mama zao wana virusi, wao walipewa matone ya kinga na kupimwa, hawana. Mfagiaji wa chumba cha upasuaji. Dereva wa gari la wagonjwa, aliyefunga jeraha la mtu barabarani bila glavu. Msichana wa shule ambaye sitaandika hapa kilichompata, na ambaye nilimwongezea jingine juu yake. Na muuguzi wetu. Watu saba ambao maabara imesema hawana. Waliambukizwa na mimi, kwa kalamu ya bluu.

Nilipotoka kazini nikaenda karakana kwa Kitinda. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya jokofu lililotolewa mlango.

"Hana," nikamwambia. "Hajawahi kuwa na virusi. Alichomwa na sindano kazini akapewa dawa za kinga. Nilisoma vibaya."

Hakugeuka. Aliendelea kuzungusha bisibisi mpaka skrubu ikafika mwisho, na bado akawa anazungusha.

"Alinipigia mara sita," akasema. "Nilikuwa naitazama simu ikiita."

"Kosa ni langu."

"Ulinipa neno nusu, Dada. Nusu nyingine niliimalizia mwenyewe, tena bila kumuuliza. Sijui nikukasirikie wewe au nijikasirikie mimi." Kisha akasema, "Nenda nyumbani. Na wiki hii usinipigie."

Ijumaa, 11 Aprili

Jana nilifika mpaka mlango wa wodi ya watoto nikarudi. Leo nimeingia.

Alikuwa chumba cha pembeni, anakunja shuka zilizotoka kufuliwa.

"Shikamoo, Dada." Si wifi.

"Marahaba. Nina neno na wewe."

"Sema nikiwa nakunja. Zamu yangu inaisha saa nane."

Nikashika ncha za upande wa pili, maana mikono yangu ilihitaji kazi. Shuka inakunjwa na watu wawili: mnaivuta, mnaikunja, kisha mnasogeleana kuunganisha ncha, uso kwa uso, halafu mnarudi nyuma. Nilimwambia yote. Karatasi ya waridi, B20, Kitinda, nilivyomdanganya Mzee Penseli. Kila niliposogea sikuweza kumtazama, na kila niliporudi nyuma niliendelea. Zilikwisha shuka nne.

"Kumbe," akasema.

Tukakunja ya tano.

"Mwezi mzima nilikuwa natapika kila asubuhi," akasema. "Kitinda nikamwambia ni tumbo. Miezi miwili mingine nikawa nahesabu siku tu. Niliapa sitamwambia mtu mpaka jibu la mwisho, nisiwatie hofu bure. Lilipotoka nikasema nitawasomea wote wawili. Mama wa kumsomea sina. Karatasi ilikuwa kwenye mkoba."

"Nimejua. Nisamehe."

"Ngoja, sijamaliza. Nilisahau mwavuli barazani, nikaufuata. Nikapita upande wa jikoni, nikaona kikombe dirishani, kinanyeshewa. Nikajiambia, labda wifi ana paka."

Sikujua kwamba aliona. Siku zote hizi nilidhani kikombe ni siri yangu na Mungu. Nilitamani shuka ile iwe kubwa nijifunike mzima.

"Nikuulize kitu, Dada. Kama jibu lingekuwa lile uliloandika wewe, kikombe kingestahili kukaa pale?"

Nikaanza kulinganisha ncha ambazo zilikuwa zimeshalingana.

"Humu wodini nina watoto wanne wenye namba hiyo, ya kweli," akasema. "Ukienda kitanda cha pili utakuta mmoja anayekataa maziwa mpaka nionje mimi kwanza. Kwa hiyo naonja. Namba ni kosa la kazi, Dada, hata mimi nimewahi kukosea dozi nikalia. Hilo nimekusamehe tangu shuka ya tatu. Kikombe, sijui. Kikombe hukukosea. Ulifanya makusudi."

Mtoto akaita, "Sista." Akaniachia shuka ya mwisho mikononi, akaenda.

Niliikunja peke yangu. Haikukaa sawa.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimekitoa kikombe dirishani. Maji yalikuwa na mdudu. Nikakisugua, nikavitoa na vile vitano kabatini, nikaviosha vyote sita katika beseni moja na kuvipanga upya bila kutazama. Sasa sikijui ni kipi, na ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu mwanzo.

Sijaandika kwamba hii ni neema. Ni kazi niliyochelewa kuifanya.

Jumatano, 23 Aprili

Wakubwa wameniita. Nimepewa barua ya onyo kali. Kuanzia Jumatatu sigusi tena kitabu cha namba, nahamia kwenye rafu, kutafuta mafaili na kuyarudisha. Mkuu mmoja aliniuliza kama nina la kusema. Nikasema barua ni ya haki. Akaonekana amejiandaa kwa ubishi, akabaki ameshika kalamu hewani.

Mzee Penseli alinikabidhi masahihisho ya watu saba niyanakili kwa mkono wangu kabla sijahama. Kila moja nilianzia nyuma. Aliyasoma yote, akaweka saini, hakusema nimefanya vizuri. Nilipokuwa natoka akasema, "Rafu za chini zina unyevu msimu huu. Ziangalie zaidi." Nimeichukua kama neema. Ndiyo ya kwanza kuandikwa tangu mwezi jana.

Jumatatu, 28 Aprili

Mgongo.

Alhamisi, 8 Mei

Mvua zinapungua. Kitinda amekuja, mara ya kwanza tangu siku ile ya karakana. Alikula, akaosha sahani yake mwenyewe, akachukua kofia yake kitini.

Nikajikaza nikamuuliza kama wameonana.

"Nakwenda kusimama getini kila zamu yake ikiisha. Nilimwomba msamaha siku ya kwanza. Sasa nasimama tu."

"Anasema nini?"

"Anasema, 'Habari za majokofu.'"

"Nawe?"

"Nasema yanapoa."

Aliniona nimetaka kucheka nikajizuia, naye akageuza uso upande wa mlango. Lakini mabega yake niliyaona.

Jumatano, 14 Mei

Kwenye rafu za chini nimekuta faili la yule msichana wa shule limelowa pembeni. Nimelianika karatasi moja moja, nimezigeuzia chini ili asisome mtu. Wala mimi sikusoma.

Jumamosi, 24 Mei

Mvua zimekatika, kwa hiyo leo Mama Mchungaji alitukusanya tusomeane. Mmoja alisoma kuhusu mbuzi wake aliyepotea akarudi na mwenzake. Mwingine neema zake zote zilikuwa za mjukuu, tukacheka mpaka tukafuta machozi. Ilipofika zamu yangu wote waligeuka kwa hamu, maana ndimi mwandishi wao.

Nilikuwa nimelishika daftari hili. Kwa dakika moja niliona jinsi ingekuwa raha kusimama na kutubu mbele yao, nikalia, wakanizunguka, wakaniimbia. Lakini ningetubu kwa siri ya nani? Kila ukurasa una mtu mwingine ndani yake. Hata nisipotaja jina wangelimalizia wenyewe, kama Kitinda alivyomalizia.

"Mimi la kwangu sitaweza kulisoma," nikasema.

"Hukuandika?" Mama Mchungaji akauliza kwa upole.

"Sikuandika vizuri."

Wakatazamana. Mmoja wa nyuma akanong'ona, nami nikasikia, "Na alivyokuwa anajisifia kalamu." Nikakaa. Uso ulinishuka, kweli, lakini aibu ya leo haikumgusa mtu mwingine yeyote. Niliweza kuibeba mpaka nyumbani.

Jumamosi, 31 Mei

Saa tisa alasiri, jua kali, nimeanika magodoro. Nikasikia hodi. Nilidhani ni Kitinda.

Ni yeye, peke yake, bado ana sare ya kazi. Hakuleta machungwa. Hakunikumbatia.

"Shikamoo, Dada. Sikai sana."

"Marahaba. Karibu, mwanangu."

Akaingia mpaka jikoni. Akalitazama dirisha, akatazama ukingo wa nje, mweupe mkavu. Mimi nikasimama kama mtu anayekaguliwa faili.

"Mdogo wako amekonda kwa kusimama getini," akasema. "Mlinzi amempa kiti jana. Kwa hiyo sasa anakaa."

"Umemjibu?"

"Bado." Akavuta kigoda akaketi. "Nimwache akae kwanza. Leo nimekuja kwa chai ambayo siku ile hukuniacha niimalize."

Nikabandika maji. Yalipochemka nikafungua kabati, nikanyoosha mkono kwenye vikombe vya bluu, mkono ukasita.

"Kilikuwa kipi?" akauliza nyuma yangu.

"Sikijui tena. Niliviosha vyote pamoja, nikavichanganya."

"Basi toa viwili. Vyovyote."

Nikatoa viwili. Nikamimina. Akachukua kimoja, akakinywa nusu, akakiweka mezani na kukisukuma upande wangu. Kisha akavuta cha kwangu, ambacho sikuwa nimekigusa, akakishika kwa mikono miwili kama alivyoushika ule mkoba. Alikuwa ananitazama.

Nilikinywa chake. Chai ilikuwa ya moto na nilikuwa nimesahau sukari. Nilikinywa mpaka majani.

"Yule wa kitanda cha pili ameruhusiwa jana," akasema. "Ameongezeka kilo mbili. Faili lake litakuja kwenu."

"Nitaliweka rafu ya juu," nikasema. "Ya chini ina unyevu."

Akatikisa kichwa kukubali. Alipomaliza akainuka, akajikung'uta sare, akafika mlangoni. "Haya, Dada. Nitapita tena." Si wifi. Nilisimama mlangoni mpaka akapotea kwenye kona, nikarudi, nikaviosha vikombe viwili katika maji yale yale.

Neema ya leo: amesema atapita tena.